Ubeti wa Pili

Katika ukoo wao mzima, kutoka Nizwa mpaka Sur, hapakuwa na mtu aliyezijua senema za Kihindi kama Bibi Khamisa. Ndivyo alivyokuwa akisema mwenyewe, na kwa kuwa hakutokea wa kumbishia, watu wakaamini. Kila wakikusanyika kwa Idi alikuwa na kisa chake cha zile Jumapili za Unguja: maonyesho ya wanawake peke yao, shangazi yake na buibui lake jipya, njugu za kukaanga ndani ya kikaratasi, na ukumbi mzima ukilia kwikwi kwa ajili ya bibi harusi wa Kihindi wasiyemjua. Wajukuu zake, waliozaliwa Oman na ambao Unguja yenyewe hawajaiona, walimsikiliza midomo wazi.

Basi mjukuu wake Hiba, aliyekuwa mfamasia, alipoposwa, mtu wa kwanza kumwendea alikuwa bibi yake.

"Bibi, mimi sitaki muziki wa kukodi. Siku ya wanawake ya harusi nataka tuimbe nyimbo zile za Kihindi za zamani, za senema yako. Hakuna mtu anazijua tena. Niimbie, nirekodi."

Khamisa alijiweka sawa, akajitanda kanga yake vizuri, akakohoa kidogo kama afanyavyo mtu anayejua kuwa anasubiriwa. Akaanza. Mstari wa kwanza ukatoka. Wa pili ukatoka nusu. Wa tatu akauimba na-na-na.

"Na maneno yake, bibi?"

"Yanakuja. Usinipapatikie."

Hayakuja. Sari aliikumbuka, mpaka upindo wake. Mvua aliikumbuka, na jinsi yule mwanamke alivyokuwa akitembea ndani yake bila ya kuinua uso. Wimbo wenyewe ulikuwa umekwenda zake. Akajaribu mwingine, nao ukamkimbia vivyo hivyo.

"Labda Bibi Fawziya anajua," alisema Hiba.

Khamisa akacheka. "Fawziya? Fawziya hajatia mguu senema tangu azaliwe!"

Na ilikuwa kweli. Fawziya alikuwa dada yake mkubwa, mjane aliyekaa Aija, ng'ambo ya khori ya Sur, ule mkono wa bahari. Utotoni mwao mama yao alikuwa mgonjwa wa kitandani kwa miaka, na lazima mmoja abaki naye. Alibaki mkubwa. Khamisa ndiye aliyechukuliwa na shangazi, na jioni akirudi hukaa miguuni pa kitanda akawahadithia mama na dada mchezo wote, na nyimbo akawaimbia.

Hiba alimpelekea Fawziya ujumbe hata hivyo. Jawabu lilirudi kabla chai haijapoa. Sauti ilikuwa kavu, ya mtu mzima, lakini haikutafuta kitu: wimbo mzima, ubeti kwa ubeti, na katikati hata vinanda na ngoma alivipiga kwa mdomo. Hiba akapiga kelele. Mama yake, Ghaliya, akaacha vitunguu jikoni, akaja akasimama mlangoni machozi yakimtoka, na hayakuwa ya vitunguu.

"Kaisikia kwangu hiyo," alisema Khamisa.

Hakuna aliyemsikia. Walikuwa wanaurejea tena tangu mwanzo.

Kuanzia hapo kila siku uliingia wimbo mpya kutoka Aija. Mwanawe Khamisa, Bader, mtu mzima mwenye cheo wizarani, akawa anakwenda kazini na sauti ya khaloo wake, mama yake mkubwa, garini. Jirani wakapelekewa. Roho ya Khamisa ikawa kama iliyotiwa pilipili. Alikuwa mcha Mungu, akijua kijicho ni nini na kinakula nini. Aliswali, akaomba aondolewe, na hajamaliza kukunja msala akasikia Fawziya anaimba chumbani kwa Hiba, kijicho kikarudi kimenona kuliko kilivyoondoka.

Hiba alipotaka kwenda Sur kurekodi vizuri, Khamisa alisema, "Na mimi nakwenda."

"Bibi, mgongo wako…"

"Mgongo wangu hauna mwaliko, lakini utakwenda na mwenyewe."

Wakashika njia ya Mudhaibi. Ibra wakasimama kunywa chai ya maziwa, na Hiba alipofungulia nyimbo garini Khamisa akasema kichwa kinamuuma. Hiba akazizima, wakaenda hivyo mpaka wakavuka daraja la Aija.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekonda," alisema Fawziya, akawatandikia, akawaletea halua na kahawa, asiulize la kichwa wala la mgongo.

Hiba akaiegemeza simu kwenye birika. Fawziya akafumba macho, akaanza ule wimbo wa kwanza, ule wa mvua. Hajafika mbali, Khamisa akamkata.

"Si hivyo. Hapo inapanda."

"Hapo hapapandi."

Akaendelea. Khamisa akamkata tena. "Umeruka neno."

"Sijaruka."

"Mimi niliiona hiyo, Fawziya! Kwa macho yangu!"

Fawziya akafumbua macho. "Haya. Imba wewe."

Khamisa alifungua kinywa, akakifunga. Akasema ameingiwa na vumbi la njiani. Hiba, kwa kumsitiri, akainamia simu yake akajitia anatafuta kitu. Na katika kujitia huko, akakipata kweli. Aliandika maneno ya mstari wa kwanza kama alivyoyasikia, na mara ikatokea picha isiyo na rangi, mwanamke yumo mvuani, na wimbo ni ule ule.

Wote watatu wakakisogelea kioo cha simu. Ubeti wa kwanza ulikuwa wa Fawziya herufi kwa herufi. Wa pili ukaingia, ukawa kitu kingine kabisa: maneno mengine, na sauti yenyewe imekwenda njia nyingine. Hiba akarudisha nyuma. Ikawa vile vile.

"Bibi Fawziya, hapa umekosea."

Moyo wa Khamisa uliruka kama wa mtoto. Akapiga makofi. "Si nilikwambieni! Kaharibu! Siku zote hizi mnamsifu, kumbe kaharibu!"

"Sikuharibu kitu," alisema Fawziya. "Nimeupokea hivi, nimeuweka hivi."

"Hebu niimbie huo ubeti pole pole," alisema Hiba.

Fawziya akauimba. Ulikuwa mzuri, hata Khamisa katika furaha yake alilisikia hilo. Ulikuwa ukishuka kwa huzuni kama mtu anayeshuka ngazi gizani. *Namak moree, namak toree, chawal bina haldi re…*

Hiba akakunja uso, kisha akashika mdomo, kisha akashindwa kujizuia, akacheka. Yeye alikua mbele ya tamthilia za Kihindi, na maneno ya nyumbani alikuwa nayo, ila siku zote yalikuwa yakimpita kwa jinsi yalivyovutwa ndani ya sauti. Fawziya hakuwa nayo. Wahindi wa madukani Sur walisema naye Kiarabu cha kuvunjavunja, basi.

"Bibi! Namak ni chumvi! Chawal ni mchele, haldi ni manjano! Nyimbo hii inasema chumvi yangu, chumvi yako, mchele bila ya manjano!"

Hapo Khamisa akakumbuka. Jumapili ya senema ile mtoto wa shangazi alitapika, wakatolewa nje wimbo haujafika nusu. Alirudi nyumbani akijua Fawziya anamngojea juu ya ngazi. Chini ya nyumba yao alikaa mke wa fundi saa, bibi wa kutoka Delhi, na jioni ile alikuwa mlangoni akigombana na muuza duka kwa sauti ya kuvutavuta. Khamisa alisimama akamsikiliza. Akayachukua maneno yake, akayatilia sauti aliyoitoa mwenyewe, akapanda ngazi akaimba. Akawasimulia hivyo hivyo, macho chini.

"Ulitunga," alisema Fawziya.

"Nilikuwa mtoto, dada."

"Mama alikata roho nikimwimbia ubeti huu. Huu, si ule wa kwanza; huu ndio aliokuwa akiutaka. Wanangu wote nimewalaza kwa ubeti huu. Mimi nikidhani ni maneno ya mapenzi na mauti." Akasimama. "Kumbe namwimbia mama chumvi."

Kicheko cha Hiba kikafa. Fawziya akaingia chumbani akafunga mlango, na kutoka ndani akasema harusini haimbi mtu, wakodi muziki wao.

Ungetaraji Khamisa aingiwe na huruma. Ilikuja, lakini baadaye. Kilichomjia kwanza ni wivu uliopita ule wa mwanzo wote. Ubeti uliokuwa mzuri kuliko ule wa senema aliutunga yeye. Mama yake aliupenda, na yeye hakuambiwa; saa ile mama anakata roho yeye alikuwa kwa shangazi. Wimbo wake ulimsindikiza mama kwa mdomo wa mtu mwengine, na leo, hata angepewa dunia, hawezi kuimba mstari mmoja. Kila alichokuwa nacho kilikuwa kwa Fawziya.

Akainuka, mgongo na yote, akagonga.

"Dada. Nifundishe."

"Nikufundishe nini?"

"Ubeti wangu."

"Wako!"

"Basi wetu."

Kisha mlango ukafunguka kidogo.

"Ulikuwa ukirudi gauni lako linanuka njugu na jasho la watu," alisema Fawziya. "Mimi ndiye niliyekuwa nikilifua. Nalinusa kwanza, halafu nalifua. Nilikuwa nikikuombea mvua inyeshe Jumapili, usitoke. Nilikuchukia, Khamisa. Jumatatu nakupenda tena, ikija Jumapili nakuchukia."

"Wewe? Unionee wivu mimi?"

"Nani mwengine alikuwepo?"

Khamisa aliona haya kwa jinsi lilivyomfurahisha neno hilo.

"Nitakufundisha," alisema Fawziya, "lakini kwanza nioneshe hiyo senema. Yote. Nimechoka kuhadithiwa."

Baada ya kuswali alasiri Hiba aliitafuta, akaiunganisha na televisheni ya ukumbini. Fawziya alikaa wima kama aliye ugenini. Khamisa akaanza kueleza huyu nani na yule nani, akaambiwa anyamaze. Walipopita pale mtoto wa shangazi alipotapikia, ikawa ni mpya kwake pia. Bibi harusi hakufa, ingawa yeye aliwahadithia kuwa alikufa. Aliolewa na wakili, wakaenda zao kwa gari moshi.

"Ndiyo hii tu?" aliuliza Fawziya.

"Ndiyo hii."

"Ulivyonihadithia wewe ilikuwa nzuri zaidi."

Khamisa akageuza uso dirishani.

Alibaki Aija wiki nzima akifundishwa, na hakuwa mwanafunzi mwepesi; mara mbili waligombana mpaka Fawziya akamwambia arudi kwake Nizwa. Siku ya wanawake ilipofika walipanda jukwaani pamoja. Fawziya akauimba ubeti wa kwanza, wa pili wakauimba wote. Waliojua Kihindi wakacheka mpaka wakashikana mabega. Wengine, wasiojua kitu, walifuta macho.

Ulipokwisha, wasichana wakamkimbilia Fawziya, huyu anambusu kichwa, yule anampiga picha. Khamisa akabaki amesimama peke yake na kipaza sauti mkononi. Akakisikia kijicho kinajigeuza kifuani, kinataka njia. Akakinyanyua kipaza sauti.

"Ubeti wa pili nimetunga mimi!"

Vigelegele vikajaa ukumbi.

"Haya, tumesikia," alisema Fawziya, akamvuta mkono, akamkalisha kando yake.