Taa Nyekundu ya Nyambizi

Wanaume wengine mvi zikianza kuwatoka huoa mke wa pili. Fundi umeme yeye alileta nyambizi. Mkewe, mshonaji, aliwaambia hivyo wateja waliokuja kupimwa nguo, nao wakacheka mpaka pini zikawachoma, na yeye akacheka nao, kwa kuwa siku zile jambo lenyewe lilikuwa bado la kuchekesha.

Nyambizi ilikuwa ndani ya kaseti. Karani mmoja aliyekuwa akihama mji alimpa fundi kompyuta yake ya nyumbani, kitu chepesi kama sinia, chenye vitufe tele, unakichomeka kwenye televisheni na kwenye redio ya kaseti. Ukishabonyeza mchezo usomwe kutoka kwenye kaseti, sebule nzima ilijaa mlio wa kukwaruza kama bati linaloburutwa sakafuni, na ulidumu muda wa kuchemsha maji ya chai. Mara nyingine ulikatika njiani, fundi akaguna, akarudisha kaseti mwanzo. Mlio ukiisha salama, kioo kiligeuka cheusi, likatokea duara la darubini na bahari isiyo na samaki, na chini yake vipimo vitatu: kina, betri, hewa. Meli za adui zilikuwa vijiti vya mwanga vilivyoshikana. Mshonaji alivitazama vijiti vile kwa makini, kama anavyotazama pindo, na hakuona meli yoyote. Fundi aliziona, tena alijua ipi imebeba mafuta na ipi imebeba askari.

"Huyo adui amekukosea nini?" mkewe alimuuliza.

"Usione vyaelea, vimeundwa," fundi alisema bila kugeuka. "Wewe shona."

Mkewe akamwita Nahodha, na jina likamganda.

Chumba cha nyuma alilala mama yake Nahodha. Kiharusi kilikuwa kimemchukua upande wa kulia na karibu sauti yote, kikamwachia mkono mmoja, akili yote, na maneno machache ya kunong'ona. Hatari yake ilikuwa moja. Mate au kohozi likimpalia, hakuweza kujiinua. Ilibidi mtu afike, amkalishe, ampige mgongoni, naye akatulia. Asipofika mtu, basi. Daktari aliwaambia wote wawili hivyo, wazi, na mama mwenyewe akisikia.

Mshonaji alimpenda mkwewe yule kuliko alivyozoea kusema. Alipoingia nyumba ile hajui hata kutia uzi kwenye cherehani, mama ndiye aliyemkalisha akamfundisha, na hakuwahi kumsimanga. Sasa usiku mmoja mama alimshika kiganja, akasema polepole, akipumzika kati ya maneno, "Mwanangu, kufa si kitu. Nisipaliwe peke yangu." Mshonaji akamwahidi. Ahadi ile ndiyo aliyokuwa akiishi nayo. Aliibeba sokoni, aliibeba kisimani, na kila alikokwenda alirudi mbio.

Kwa hiyo fundi, kabla ya nyambizi, alimwekea mama kengele. Lakini kengele na kompyuta hazikupatana. Ikilia tu, picha ilitetemeka, mchezo ukafa, na safari nzima ikapotea, maana kwenye mashine ile hakukuwa na namna ya kuhifadhi ulikofika. Fundi akang'oa kengele, akaweka taa. Alikuwa fundi kweli, hilo tusimnyime. Alipachika balbu nyekundu juu ya televisheni, akaifungia swichi mbili, moja kitandani kwa mama, upande wa mkono mzima, nyingine sebuleni karibu na kiti chake. Ukibonyeza yoyote kati ya hizo, taa inageuka: kama imezimwa inawaka, kama inawaka inazimika. Wakawekeana utaratibu. Mama akibonyeza, sebule inakuwa nyekundu. Aliyeiona anabonyeza ya sebuleni kwanza, kabla hata ya kunyanyuka. Mama, ambaye aliuona wekundu ule kupitia kidirisha cha juu ya mlango wake, akiuona umegeuka anajua ameonwa, mtu yuko njiani, asihangaike.

Mama aliupenda utaratibu ule. Alisema ni kama kuitikiwa.

Nahodha naye akaipenda taa, kwa sababu zake. Jioni moja mshonaji alikuta mapazia yamefungwa, balbu kubwa imezimwa, ile nyekundu inawaka, na mumewe amekaa katikati ya wekundu ule amejaa furaha.

"Mama ameita?" aliuliza, mguu mmoja tayari ukumbini.

"Hajaita. Nimeiwasha mimi. Ndani ya nyambizi huwa hivi, macho yasichoke."

"Taa hiyo ni ya mama."

"Najua ni ya nani, nimeifunga mimi. Nikiwa nimeiwasha, yeye akibonyeza itazimika. Ikizimika nitajua anaita. Kuna tofauti gani?"

Kwa hesabu za umeme mumewe alikuwa sahihi, na kwa wiki kadhaa mambo yalikwenda vizuri. Taa ikizimika, Nahodha alibonyeza, ikawaka tena, akasimama akaenda kwa mama akinung'unika kuhusu meli anazoziacha. Ila mshonaji hakuizoea rangi ile. Ilikuwa rangi ya kuomba msaada, nao sasa walikuwa wakila chakula chao chini yake. Alisema hivyo mara moja, akaambiwa ana mambo, akanyamaza. Kunyamaza huko alikuja kukujutia kuliko neno lolote alilowahi kusema.

Jambo dogo likatokea halafu. Balbu haikukazwa sawasawa, ikawa inazimika yenyewe. Fundi alikwenda chumbani mara mbili akakuta mama amelala fofofo. Akaikaza balbu, akasema imekwisha hiyo. Mama alipoamka alicheka kwa nusu ya mdomo wake, akanong'ona, "Nyambizi inavuja."

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Bibi harusi wa mtaa wa pili alitaka gauni lake lirekebishwe akiwa amelivaa, maana alikuwa amenenepa wiki ile ile aliyokatazwa. Jirani ambaye kwa kawaida hukaa na mama alikuwa amesafiri.

"Nenda," Nahodha alisema. Alikuwa ameanza safari ndefu asubuhi ile, msafara mkubwa ambao hakuwahi kuumaliza, na alikuwa na hali nzuri ya mtu anayeona bandari. "Ng'ombe hashindwi na nunduye. Huyu ni mama yangu mimi."

Mshonaji aliingia chumbani, akamnywesha mama maji kwa kijiko, akaurekebisha mto, akausogeza mkono mzima juu ya swichi. "Mwanao yupo sebuleni," alimwambia. "Mimi narudi sasa hivi."

"Yuko chini ya maji?"

"Yuko chini ya maji."

"Mwache," mama alinong'ona. "Huibuka."

Gauni lilichukua muda kuliko alivyofikiri. Kisha wenyeji wakaleta chai, na mshonaji, ambaye hakukumbuka lini alikunywa chai ya kuandaliwa na mtu mwingine, akakaa. Aliinywa yote. Akaongezewa, akainywa hiyo pia. Ilikuwa tamu kukaa mahali ambapo hakuna anayekuhitaji.

Aliporudi jua lilikuwa bado lipo. Kutoka barabarani aliona ukingo wa pazia lao una wekundu, na akaona afueni, kwa kuwa wekundu ulimaanisha mumewe hajatoka. Akavua viatu mlangoni. Ndani mlikuwa na joto la watu waliofunga madirisha, na televisheni ilitoa mngurumo wa injini, mzito, usiokoma.

Nahodha aliinua mkono kumnyamazisha. Shati lilikuwa limemganda mgongoni.

"Wako juu yangu," alinong'ona. "Wananisaka tangu ulipoondoka. Tazama hewa."

Kipimo cha hewa kilikuwa kimebaki kamstari.

"Mama yuko vipi?"

"Ametulia. Hajaita hata mara moja."

Mshonaji alikwenda kuweka mkoba wake juu ya cherehani. Alikuwa amechoka, na miguu ilimuuma.

"Hii taa tu ndiyo iliyokuwa inanitesa," Nahodha aliendelea, macho kwenye kioo. "Balbu imelegea tena. Inazimika, naiwasha. Inazimika, naiwasha. Nikasema leo nitaing'oa. Lakini sasa imetulia."

Mkoba ulianguka. Mshonaji hakuuokota. Alipita ukumbini akigonga ukuta kwa bega, akausukuma mlango.

Mama alikuwa amelala chali, kichwa kimeteleza kutoka kwenye mto. Mshonaji alimwinua akamkalisha, akampiga mgongoni, akampiga tena, akamwita mama, mama, nimerudi. Mwili ulikuwa bado una joto na ulimwegemea kwa uzito wote, kama mtu aliyesinzia kwenye kiti. Aliendelea kumpiga mgongoni muda mrefu baada ya kujua. Kisha alimlaza, akamfuta mdomo kwa kanga yake, na ndipo alipoutazama ule mkono. Kidole gumba kilikuwa bado juu ya swichi. Uso ulikuwa umeelekea kwenye kidirisha cha juu ya mlango, ambako wekundu wa sebuleni uliingia na kutua ukutani.

Nahodha alikuja akasimama mlangoni. Huko nyuma injini ya nyambizi ilikuwa ikinguruma.

"Hakuita," alisema. "Nilikuwepo. Wallahi nilikuwepo, hakuita."

Mshonaji alitaka kumrarua. Alitaka pia kulia juu ya ile chai. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alikishika kidole cha mkwewe kwa upole, akakitoa, akakiweka chake mahali pake, akabonyeza.

Wekundu ukaondoka ukutani. Ukumbi ukawa giza nyuma ya fundi.

Aligeuka kutazama, akarudisha uso. Alikuwa fundi umeme, hakuhitaji kuelezwa waya umepita wapi. Mkewe alimwona akihesabu moyoni, mara ngapi imezimika, mara ngapi ameiwasha, na aliona hesabu ikimshinda.

"Aliita," mshonaji alisema. "Na wewe ukamwitikia kila mara. Alikuwa anakusubiri."

Sebuleni injini ilinyamaza ghafla, kikafuata kimlio chembamba ambacho mshonaji alikwisha kukizoea, kile cha hewa kwisha. Kiliendelea kulia. Hakuna aliyekwenda kukizima.