Kwa Faraj, Mafuta ya Nazi

Mwanamkasi wa nyumba ya pili asema alikuwa akigeuza mahamri alfajiri, pale Bofu, aliposikia mbiu, kisha sauti ya Ngumbao ikapita juu ya karai lake bila Ngumbao. "Kwa Faraj! Mafuta ya nazi, hayana maji!" Ngumbao alikuwa amezikwa jana yake. Mwanamkasi akapunguza moto, akaenda kumwambia Suad.

"Mume kafa, mpiga mbiu kafa. Duka lako sasa lanadiwa na wafu, shoga."

"Nilimlipa hadi mwisho wa mwaka," Suad akasema.

Huo ulikuwa mwaka wa mwisho wa bendera nyekundu ya Sultani. Duka lilikuwa la Suad tangu alipotoka edani, na mafuta akiyapika mwenyewe. Lakini jina la mwanamke halipigiwi mbiu njiani, ndivyo alivyolelewa. Alipomwajiri Ngumbao, yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia ataje Faraj. Tangu hapo hata wateja walimwita mke wa Faraj, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kumwita lolote.

Barua ya kodi ya mapato ilipokuja ilikuwa na jina lake mwenyewe, Suad. Alisikia kwamba ujira wa kutangaza biashara hutolewa kwanza kwenye mapato, ndipo kodi ihesabiwe. Bila hivyo angeuza mizani. Akapanda feri kwenda ofisi ya kodi. Sauti ikapanda naye, ikinadi njia nzima, na abiria wakaipisha.

Ofisini karani alingoja inyamaze.

"Mwenye sauti aweza kutia sahihi?"

"Hana mkono, bwana."

"Si neno. Nimemsikia, yatosha. Ujira wa tangazo hutolewa, ni haki yako. Ila amemtaja nani?"

"Faraj."

"Yu wapi?"

"Kaburini."

"Na kodi ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi gharama ni ya Faraj, bibi. Yako sijaisikia."

Suad akauza mizani, halafu mitungi, akalipa. Sauti haikuacha. Kila alfajiri ilipita mbele ya duka tupu ikisifu mafuta.

Siku moja alitoka barazani kabla haijafika, akajifunga buibui vizuri, akaingoja hata ikafika.

"Ngumbao, ndugu yangu. Mafuta hayapo tena. Leo sema Suad. Mara moja tu, hata polepole."

Sauti ilikuwa imekwisha fika kwa Mwanamkasi, bado yamnadi Faraj.