Siku ya Sita Baada ya Kukatwa Tumbo

Dada yangu Obdulia alikuwa na kilo mia moja arobaini na mbili siku alipokubali kupunguzwa tumbo. Anauza gordita, vile vimkate vinene vya mahindi vya kujazwa nyama, nje ya kiwanda cha nguo hapa mjini Torreón, na kwa miaka miwili alikuwa akizikaanga amekaa, kwa kuwa magoti yalishakataa kumbeba. Sukari ilikuwa juu. Kibaya zaidi, alikuwa akiacha kupumua usingizini, na mumewe Fermín akawa anamtikisa hadi pumzi irudi.

Kisu hakikumtisha. Kilichomtisha ni nusu kaputi. Mama yetu aliingia kutolewa mawe ya nyongo, akatoka amefunikwa shuka. Obdulia alikuwa na miaka kumi na tisa, mimi kumi na miwili, na yeye ndiye aliyelifunua lile shuka.

Daktari Arizpe, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu, alimwonyesha kwa kidole juu ya tumbo.

"Matundu matano tu, mama. Kubwa kuliko yote halizidi kidole gumba. Tumbo lako nalibakiza ukubwa wa ndizi, pembeni nafunga kwa pini. Wiki mbili ni supu iliyochujwa, kijiko kwa kijiko. Na ukisikia moyo unakimbia, homa, au maumivu yasiyoisha, usingoje. Njoo."

Asubuhi ya upasuaji mikono ya Obdulia ilikuwa ya baridi kama samaki.

"Nere," akaniambia, "nisipoamka, Fermín asimwoe yule Chayo wa duka la dawa."

"Dada, Chayo hamtaki hata kwa bure."

Alicheka, kisha machozi yakamtoka, wakamsukuma ndani. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikiuangalia ule mlango. Kila ulipofunguka niliona shuka. Baada ya saa mbili daktari akatoka akivua kofia, akatabasamu. Siku ya tatu Obdulia alikuwa nyumbani, anatembea kutoka kitandani hadi mlangoni, anajisifu kwa majirani.

Siku ya sita, saa saba mchana, nilimpelekea supu nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, ameshika bega la kushoto. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni, na feni inazunguka.

"Gesi hiyo," akasema kabla sijauliza. "Walinijaza gesi tumboni ili waone, inapanda begani. Daktari alisema."

"Alisema itaisha siku mbili tatu. Lete mkono."

Nilimpima mapigo kwa saa yangu. Mia moja ishirini na nane. Nikapima tena, nikidhani nimekosea kwa woga. Mia moja thelathini.

"Fermín!" nikaita. "Washa gari!"

"Siendi," akasema Obdulia. Alishika chuma cha kitanda kwa mikono miwili. "Watanilaza tena kwa nusu kaputi. Mara ya kwanza Mungu alinihurumia, mara ya pili nitakuwa namjaribu. Siendi, Nere."

"Utafia hapa?"

Alitazama ukutani, kisha akavuta kitu chini ya godoro: ganda la hindi, lile la kufungia tamal za unga wa mahindi na nyama, limekunjwa dogo kama barua. Harufu ya nyama na pilipili ikanifikia.

"Jana walileta tamal za ubatizo wa mtoto wa jirani," akasema. "Nilikula nusu. Nusu tu. Nilitaka kuhisi kitu kinatafunika mdomoni. Nikienda daktari atajua, aseme ndiyo sababu nilinenepa, sina adabu ya mdomo."

Fermín alikuwa amesimama mlangoni, funguo za gari mkononi. Ni mtu wa maneno machache.

"Duli," akasema, "mimi namtaka mke hata kama ameaibika. Wa kaburini simtaki."

Tulimwinua kila mmoja upande wake. Njiani kila shimo la barabara lilimtoa ukelele, na midomo yake ilikuwa inageuka rangi ya majivu. Alimwomba Yuda Mtakatifu, msaidizi wa waliokata tamaa, kwa sauti, akachanganya maneno, akaanza upya. Mimi nilishindwa hata kuomba. Nilikuwa nahesabu mapigo tu.

Hospitalini picha ilionyesha pini za juu zimeachia na tumbo linavuja. Obdulia, amelala na dripu mikono yote miwili, akamshika daktari koti.

"Nilikula tamal, daktari. Nusu."

Daktari Arizpe akaiangalia tena ile picha. "Siwezi kukuambia ndiyo sababu au siyo, mama. Mshono huo huweza kuvuja hata kwa aliyekunywa maji matupu. Ila ungengoja hadi kesho, ningekuwa naongea na mdogo wako peke yake."

"Unanilaza tena?"

"Sasa hivi. Napita matundu yaleyale, nasafisha, naweka mrija."

Nilidhani atapiga kelele. Alinigeukia tu, macho yamemtoka. "Nere, usiondoke pale mlangoni." Sikuondoka. Fermín aliniletea kahawa ikapoa mkononi. Saa tatu na dakika kumi zilipita, na mlango ulipofunguka sikuweza kusimama. Daktari ndiye aliyeinama kuniambia kwamba Obdulia anapumua.

Alikaa siku ishirini na sita hospitalini, mrija ubavuni ukitoa maji machafu, mwingine puani wa kumlishia. Homa ilishuka, ikapanda, ikashuka. Mara mbili aliniuliza kama anakufa, na mara zote mbili nilimwambia hapana bila kujua.

Mwaka umepita. Amepungua kilo hamsini na moja, na sukari imekaa vizuri. Anakaanga gordita amesimama, lakini yeye mwenyewe hadi leo hathubutu kula peke yake. Jana ilikuwa yai la kuchemsha. Alitukalisha mezani, Fermín na mimi, akatafuna taratibu, mkono kwenye kifua, akisikiliza mwili wake. Nasi tukasikiliza. Likashuka.

"Haya," akasema, akivuta pumzi, "acheni kunikodolea macho kama mimi ni maiti. Ondoeni vyombo."