Ndege Iliyoanikwa Juani

Justus aliiosha ndege kwa maji ya moto na sabuni, akaisuuza vizuri, halafu akapanda ngazi akaianika juu ya bati kama mtu anayeanika muhogo. Kosa lake lilikuwa hilo tu. Jua la Changamwe likafanya yaliyobaki.

Sasa, ndege yenyewe si ya kupaa. Ilikuwa mfano wa plastiki, mweusi tii, mbawa zake upana wa kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole. Ililetwa na meli ikatundikwa kwa uzi kwenye banda la mafunzo, uwanjani wanakotua ndege za vita. Mwaka ulikuwa arobaini na tatu, Mjapani anatajwa kila siku, na askari wa zamu ya pwani walikuwa wakifundishwa humo bandani na Sajini wao kutambua ndege ikiwa bado mbali: hii yetu, iache ipite; ile ya adui, piga kengele. Justus ndiye aliyekuwa akifagia banda hilo. Aliona mfano umeshika vumbi na chumvi, akaona haifai. Mtu msafi sana yule, na usafi ndio uliomponza.

Mkewe, Kahaso, alijua habari Jumamosi mchana, Justus alipoingia chumbani na kikapu kilichofunikwa gunia.

"Kahaso, usicheke."

"Nicheke nini, na sijaona kitu?"

Akafunua. Mbawa zilikuwa zimelegea kama masikio ya mbuzi aliyenyeshewa, mwili umepinda kama ndizi, mkia unatazama kwao na kichwa kwao. Kahaso akauma upindo wa leso, lakini wapi, kicheko kikamtoka puani. Kisha akamwangalia mumewe usoni, kicheko kikakatika chenyewe.

"Sajini ameona?"

"Bado. Darasa ni Jumatatu. Akiona, kazi sina."

Na kazi ikienda, chumba nacho kimeenda, maana kilikuwa cha kazi. Justus angerudi mkongeni Vipingo, kambi ya wanaume peke yao, naye Kahaso angerudi kwa mamake Ribe. Walikuwa hawajamaliza hata mwaka tangu harusi. Alikuwa ndiyo kwanza amezoea kumsikia mtu akikoroma kando yake.

"Basi tuitengeneze nyingine," akasema.

"Tuitengeneze kwa nini? Kwa unga?"

Kahaso alikuwa mpishi wa vitumbua. Kila asubuhi alikaa nje ya lango la uwanja na jiko lake la makaa, akiuzia askari na makuli. Hakujua lolote la plastiki. Lakini jirani yao, Kioko, Mkamba mmoja mwenye maneno mengi, alikuwa msaidizi kwenye karakana ya ndege, na kwao Machakos alikuwa amekua akichonga miko na vigoda. Alipoitwa alizunguka kile kikapu mara mbili, mikono nyuma, kama daktari.

"Huyu marehemu alikuwa anaitwa nani?"

"Kioko, mimi nina shida, wewe wanitania."

"Sikutanii, namsikitikia. Huyu si ndiye Chura?"

Askari walikuwa wameibandika jina hilo, kwa kuwa ndege ya kweli hukaa majini na pia huruka, na ubavuni ina macho mawili makubwa ya kioo yaliyovimba, moja kila upande, ambamo mtu hukaa akichungulia nyambizi.

Jioni ile Kioko alirudi na vipande vya kioo cha ndege vilivyotupwa jaani, kioo kile cha plastiki kisichopasuka, na kichupa cha dawa kali ya karakana. Ukiipaka dawa ile, plastiki huyeyuka kidogo juu juu. Ukibana vipande viwili, vinashikana kama mapacha. Wakabandika vipande tabaka juu ya tabaka. Kesho yake kutwa nzima, Kioko akakata kwa msumeno, Justus akasugua kwa tupa na msasa, mpaka vumbi jeupe likawajaa kope. Justus hakuwa na picha. Alikuwa na kile alichokiona kila siku akifagia: kivuli cha Chura ukutani, mbawa zimekaa juu ya mgongo, mkia umenyanyuka. Akafumba macho, akasugua, akafumba tena.

Mbawa zikaja. Mwili ukaja. Macho ndiyo yakakataa.

Macho yale hayachongwi, yanavimbishwa. Kioko alishika kipande chembamba juu ya makaa, kikaungua kikajaa mapovu. Cha pili kikashika moto. Cha tatu Justus akakitia kwenye maji ya moto, kikatoka kigumu vilevile alivyokiingiza.

"Vimebaki viwili," akasema Justus. Sauti yake ilikuwa imeisha nguvu. "Na macho ni mawili. Tuache tu, nitamwambia Sajini ukweli kesho."

"Utamwambia," akasema Kahaso, "lakini utamwambia na ndege mkononi. Nipisheni."

Alikuwa amewatazama wakihangaika na moto kama wanaume wote wanavyohangaika na moto: ama mwingi ama hakuna. Akateleka chuma chake cha vitumbua, kile chenye vishimo, akajaza mafuta ya nazi. Halafu akatafuta kitu cha mviringo, bapa upande mmoja, cha kulivimbishia jicho. Kizibo cha chupa kikawa kikubwa, punje ya kunde ikawa ndogo. Mwishowe akaenda kwa bibi mwenye duka la tambuu nyumba ya tatu.

"Shikamoo bibi. Niazime popoo moja."

"Marahaba. Popoo haiazimwi mwanangu, hutafunwa."

"Mimi nitairudisha nzima, wallahi."

"Na wewe Mkristo waniapia wallahi," akasema bibi, akampa.

Mafuta yalipoanza kucheza, Kahaso akatumbukiza kipande kwenye kishimo. Hakuhesabu. Alikigusa kwa kile kijiti chake cha kugeuzia, polepole, kama anavyogusa kitumbua kujua kama chini kimeshika. Kigumu. Kigumu. Kisha kijiti kikazama kidogo tu, kama kwenye utando wa maziwa, naye hapohapo akakitoa, akakilaza juu ya popoo, akakishindilia kwa kifuniko cha mkebe alichokitoboa tundu katikati. Akasubiri. Alipoinua, jicho lilikuwa pale, limevimba, linang'aa, halina hata povu.

Kioko akapiga magoti kulichungulia. Kitu kama hicho hakijapata kuonekana mtaa ule.

"La pili," akasema Justus, taratibu, kama anaogopa kuliamsha.

La pili nalo likatoka. Wakayabandika macho, wakaupaka mwili masizi yaliyochanganywa na vanishi.

Jumatatu Justus alimkabili Sajini Odhiambo mlangoni kabla askari hawajaingia, akasema yote: sabuni, bati, jua. Sajini alikuwa mtu wa Nyanza, mrefu, asiyecheka hovyo. Akaitazama ndege mpya, akaitazama tena.

"Nitaionyesha bila kusema kitu," akasema. "Wakiitambua, unabaki. Wakikosea, unakwenda, kwa sababu anayejifunza kwa mfano mbovu hapa atawapigia watu wetu kengele huko pwani. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Sajini."

Kahaso alikuwa ameacha jiko lake langoni. Alisimama nje ya dirisha na beseni la vitumbua kichwani, akijifanya anauza.

Ndani walitundika shuka, wakawasha taa nyuma yake. Sajini akapitisha kivuli cha kwanza, askari wakasema jina. Cha pili, wakasema. Kisha kivuli cha Chura kikapanda kwenye shuka, na askari wakasogeza shingo mbele.

"Hiyo ya Mjapani," akasema mmoja.

Kahaso akahisi beseni limekuwa zito.

"Ya Mjapani wapi, wewe Baya, hujafungua macho?"

"Wao nao wana ndege za majini. Tazama hizo mbawa juu ya mgongo."

"Mbawa ni mbawa. Subiri igeuke."

Sajini akaigeuza polepole. Pale ubavuni, kila upande, kukatokea kivimbe kimoja cha mviringo, na mwanga wa taa ukapenya ndani yake.

Baya ndiye aliyeanza kucheka. "Aa, samahani. Ni Chura. Yuatutolea macho." Na banda zima likasema Chura, wengine wakiiga mlio wake.

Justus akakaa chini palepale alipokuwa amesimama, juu ya ufagio.

Baadaye Sajini alitoka na ndege mkononi. Akainusa. "Mbona inanuka nazi?"

"Ni mke wangu," akasema Justus. "Macho amefanya yeye."

Sajini akamgeukia Kahaso, akatoa picha mfukoni, ndege nyingine, pua yake nzima ni kioo. "Hii hatuna kabisa. Tumeomba, meli hazileti. Mnaweza?"

Kahaso akateremsha beseni. Akaishika picha kwa ncha za vidole, vyenye mafuta, akaiinamia kwa muda mrefu.

"Hapa naiona kwa mbele," akasema. "Mnayo inayoionyesha kwa ubavu?"