Mkono Ulioachia

Mama yake msanii alipoingizwa karakanani, alikataa kiti. Alitaka kwanza apelekwe kwenye sanamu. Macho yake yalikuwa yamekwisha kazi, siku hizi aliona kwa viganja. Binti yake alimshika kiwiko, wakapita katikati ya nondo na vipande vya bati hadi mbele ya watu wawili wa chuma, warefu kuliko mlango, wanaonyoosheana mikono.

Msanii alisimama kando, akifuta jasho ambalo halikuwepo. Sanamu hiyo iliagizwa na hospitali, ikae uani, na walioagiza hawakumung'unya maneno: mikono ishikane. Kila kitu kilikuwa tayari ila pale. Wiki tatu alikuwa akiwasha mashine ya kuchomelea na kuizima. Kazi zake zote ndivyo zilivyokuwa, watu wanaokaribia kugusana, na wajuzi wakamsifu kwamba anaijua hamu ya mwanadamu. Aliwaacha waseme.

Mama alipapasa bega la mmoja, akateremka na mkono hadi ncha za vidole, akakuta hewa. Akavuka, akaupata mkono wa pili. Akarudi tena, polepole, kama atafutaye sindano sakafuni.

"Mwanangu," alisema, "mkono ulioachia ni upi?"

Dada mtu akasingizia kwamba anakwenda kuchemsha chai, akatoka.

Kwa miaka thelathini na minne nyumba yao ilikuwa na hadithi moja: ndugu wawili walivuka mto baada ya mvua, mdogo akateleza, mkubwa akamkosa. Msanii, yule mkubwa, aliisimulia mwenyewe akiwa na miaka kumi na mitatu, meno yakigongana, na hakuna aliyemuuliza mara ya pili. Lakini vile vidole vidogo havikupata kumtoka kiganjani. Akishika nyundo, vimo. Akishika kijiko, vimo.

"Nilikuwa nimemshika, mama. Maji yakaanza kunivuta na mimi. Nikafungua mkono."

Akainamisha kichwa, akingoja kilio au laana. Havikuja. Mama aliuliza kama yule mdogo aliita mtu. Akajibu, "Ndiyo. Aliniita mimi." Hapo mama ndipo alipokubali kiti. Alisema kilichomnyima usingizi miaka yote si namna mtoto alivyokwenda, bali hofu kwamba alikwenda bubu, bila jina la mtu mdomoni.

"Basi chomelea," akasema. "Nipo."

Msanii alimgeuza uso kuelekea ukutani, ingawa hakukuwa na nuru iliyosalia machoni ya kumharibia, kisha akavaa kinyago cha kuchomelea. Akachomelea. Kiungo kilitoka kimepinda, kama kovu lililoshonwa kwa haraka, naye hakukipiga msasa. Alipozima mashine, mama akanyoosha mkono kugusa. Msanii akaudaka kabla haujafika.

"Bado kina moto, mama."

Wakabaki hivyo, mkono ndani ya mkono, wakingoja kipoe.

"Alikuitaje?"

"Panzi."

Mama akalirudia taratibu jina hilo la utani, ambalo hakuna aliyelitamka nyumbani mwao tangu siku ile.

"Mara ngapi?"

Chuma kilikuwa kikilia kidogo kidogo, kikijikaza. Msanii akafumba macho, akaanza kuhesabu.