Neno Tulilomficha Ritha

Walisema mke wa mchimbaji akilitaja duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, mbele ya mtoto wakati mume yuko chini, udongo unasikia na kumfunika. Niliyapata hayo bombani hapa Nyahanga, wiki ile mume wangu Pantaleo alipoondoka kwenda machimbo ya upande wa Geita. Nilicheka na wenzangu. Nilipofika nyumbani na ndoo kichwani, kicheko kilikuwa kimeisha.

Basi kwangu shimo la dhahabu likakosa jina. Ritha, binti yetu wa miaka minne, akiuliza baba yuko wapi, namjibu, "Kazini."

"Kazini ndani ya nini?"

"Kazini tu, mama. Kula."

Kitabu cha picha tuliazimwa na Eunice, mwalimu wake wa chekechea. "Mama Ritha," aliniambia, "usisome kama unafukuzwa. Simama kwenye picha, muulize. Rudia hadithi ileile hata kama wewe imekuchosha, maana yeye ndiyo kwanza anashika." Mimi niliishia darasa la saba na nasoma kwa kidole, hivyo kusimamasimama hakukunisumbua.

Hadithi yenyewe ni ya nungunungu anayeishi pangoni. Mgeni akimpelekea kiazi, nungunungu anampa asali. Kisha mgeni anasema, "Kwaheri, pango," na kurudi kwao. Hapo mimi na Ritha tulitembeza vidole viwili juu ya ukurasa, polepole, mpaka mlangoni kwa mgeni.

Haikupita muda uvungu wa kitanda ukawa pango. Banda la kuku likawa pango. Nikajisifu kwa jirani yangu Rhoda kwamba mwanangu ana Kiswahili cha kitabuni.

"Huyo mbunge," Rhoda akasema. "Akatutetee hili bomba."

Sikujua kwamba mtoto halipokei neno likiwa tupu. Analipokea na utamu wake. Kwa Ritha, pango lilikuwa nyumba yenye asali.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu, Donatus alikuwa ameuzungushia uwanja wake mabati. Mtaa mzima ulijua anachimba dhahabu humo, na mtaa mzima ulisema anajenga choo. Duara lake halikushuka wima. Liliingia ardhini kwa mteremko, mdomo mpana, udongo umeshikiliwa na magogo.

Jumamosi mchana nilikuwa nafua. Nilipoinua macho, Ritha hayupo, na viazi nilivyoacha kwenye sahani vimepungua.

"Rhoda! Umemwona Ritha?"

"Kapita hapa na kiazi. Nikamuuliza, safari ya wapi, bibi? Kasema pangoni. Nikacheka mie." Kisha uso ukambadilika. "Mayu wane, mama yangu! Pango gani hapa Nyahanga?"

Nilikimbia na povu mikononi, Rhoda nyuma yangu. Bati moja la Donatus lilikuwa limeachia kwa chini, nafasi ya kupita mtoto. Donatus mwenyewe alikuwa anakula. Aliposikia mtoto ameingia alikuja na tonge mkononi, akamulika tochi ndani ya duara. Kule mbali tukaona gauni la njano. Tukasikia kisauti: "Hodi, nungunungu."

"Ritha, toka!"

Udongo ukamwagika. Donatus akaniziba mdomo. "Usipige kelele, shemeji! Gogo la pili limelegea. Hata mimi nikiingia na mwili huu nalishusha."

Ritha alipoona mwanga na kusikia sauti ya mwanamume, akarudi nyuma zaidi. Gauni likapotea.

Nilipiga magoti. Kichwani sikuwa na kitu isipokuwa ile hadithi. Nikaanza kwa sauti ileile ya kusomea.

"Mgeni akabisha hodi. Akampa nungunungu nini?"

Nikasogeza uso mdomoni mwa duara.

"Akampa nini, Ritha?"

"Kiazi."

"Na nungunungu akampa mgeni nini?"

"Asali. Mama, hayupo. Kuna giza."

"Ametoka kidogo. Sasa mgeni akasemaje?"

Changarawe zilikuwa zinadondoka. Donatus alikuwa anaomba kwa midomo tu.

"Akasema kwaheri, pango."

"Akaenda wapi?"

"Kwao."

"Akaendaje?"

"Polepole," akasema, na nikasikia miguu.

Nilimdaka. Vumbi lilikuwa limejaa kwenye kope, kiazi bado anacho. Rhoda alitaka nimchape. Badala yake nilimgeuza atazame alikotoka. Nilijua saa ile Pantaleo yuko chini, na yale maneno ya bombani yakanirudia. Nikasema hivyohivyo.

"Hili si pango, Ritha. Hili ni duara. Udongo wake huanguka ukafunika watu. Baba anafanya kazi kwenye duara."

"Duara," akasema. Akafikiri. "Linamfunika baba?"

"Mama Ritha!" Rhoda akanishika mkono. "Mume yuko chini!"

Nilimpigia Pantaleo. Hapatikani. Nikapiga tena na tena, nguo zikakaukia na sabuni yake. Jua linazama ndipo akapiga yeye. Ritha akaninyang'anya simu.

"Baba, toka kwenye duara."

Nikairudisha simu sikioni kwangu. Pantaleo akauliza, "Nani kamfundisha hilo neno?"

"Mimi," nikasema.

Bado yuko huko machimboni, na kila akichelewa kupiga simu napiga mimi, tena na tena.

Wenzangu wenye watoto, haya yaepukeni:

Kumsomea mtoto mbiombio.

Kumwachia neno la kitabuni bila kutoka naye nje, kumwonyesha kipi ndicho na kipi sicho.

Kumficha jina la kitu kinachoua, nacho kiko jirani.

Kuliita duara choo.

Kucheka mtoto akitaja mahali usipopajua.

Kumpigia kelele mtoto aliye shimoni.

Kuamini kwamba udongo una masikio. Hili hata mimi bado linanishinda.