Saba ya Nyumbani

Kila bia aliyopika Mama Mapacha ilipata saba kati ya kumi. Ile nyeupe ya ngano, yenye harufu ya ndizi mbivu, saba. Ile chungu, aliyoikoleza maua machungu ya hopsi mpaka nyuso zikakunjamana, saba. Hata ile ya ndimu, iliyoharibika waziwazi kiasi kwamba ilipomwagwa uani paka wa jirani aliiruka, nayo ilipata saba. Mumewe huinua glasi kwenye mwanga wa dirisha la jikoni, hunusa, hupiga funda, hufumba macho kidogo, kisha hutoa hukumu ileile: "Saba, mke wangu. Nzuri."

Na mume huyu si mtu wa kubahatisha. Mchana ni fundi wa miwani, lakini miongoni mwa watu wanaopika bia zao wenyewe, mapipa machache machache na kila mtu na mtindo wake, yeye ndiye jaji anayeogopwa kuliko wote. Wanamwita Pua. Pua akisema kimea kiliungua, basi kiliungua, hata mpishi akiapa kwa mama yake. Amewahi kumpa mtu mbili mbele ya wakwe zake. Ila akifika nyumbani, pua hiyo huiacha mlangoni pamoja na viatu.

Akibanwa, methali anayo tayari.

"Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Ndiyo maana sikupi tisa."

"Na mgema asiyesifiwa wala kukosolewa, huyo hulitia nini?"

Hapo Pua hukumbuka kwamba kuna balbu ya kubadilisha.

Mama Mapacha alikuwa mshonaji wa mapazia. Kazi aliiweza na wateja hawakukosekana, lakini ilikuwa imemchosha. Alikuwa amewashonea watu wengi mno, hata akipita mtaani alihisi kazi yake inamchungulia kutoka kila dirisha. Sasa chumba cha ubavuni mwa duka lake kilikuwa wazi, kina sakafu ya vigae na bomba la maji, mahali pa kupikia bia hasa, na mwenye nyumba alitaka jibu Jumatatu. Alichohitaji kujua kilikuwa kitu kimoja tu. Je, mkono wa bia anao, au anabembelezwa kama mtoto aliyechora ng'ombe wa miguu mitano? Na mtu pekee ambaye neno lake angeliamini ndiye huyo wa saba.

Wazo lilitoka kwa wifi yake, dadake Pua, mwanamke ambaye mdomo wake haukuwahi kuwa na kufuli.

"Ipeleke mashindanoni. Kule glasi hazina majina, zina namba tu. Atasema ukweli bila kujua anamsema nani."

"Jaji haruhusiwi kuonja bia ya mkewe, wifi."

"Ndiyo maana tutaiingiza kwa jina la jirani yangu. Ikishinda tunaitoa, kombe wachukue wenyewe. Sisi hatutafuti kombe, tunatafuta namba."

Basi akapika bia nyeusi, mtindo ambao hakuwahi kuupika nyumbani, Pua asije akaitambua. Pipa akalificha dukani, nyuma ya marobota ya vitambaa, amelifunika kwa mahameli nyekundu. Tatizo ni kwamba Pua alikuwa na mazoea ya kupitia dukani kila akitoka kazini, na sasa kila akiingia alisimama katikati ya chumba, kichwa juu.

"Humu mna harufu ya mkate."

"Ni njaa yako hiyo. Twende nyumbani."

Pipa lilihitaji siku kadhaa zaidi za kutulia, lakini roho ya Mama Mapacha ndiyo iliyokosa utulivu. Siku Pua alipoitwa kwenye kikao cha majaji, wanawake wale wawili walijifungia dukani wakaijaza bia kwenye chupa, hamira ikiwa bado haijamaliza kazi yake.

"Haraka haraka haina baraka," Mama Mapacha alinong'ona.

"Wala kufumaniwa hakuna baraka," wifi akajibu. "Shika mrija."

Jumamosi ukumbi ulifurika. Majaji watatu walikaa meza ya mbele, na utaratibu wa siku hiyo ulikuwa wa kusema alama kwa sauti, watu wasikie. Kati ya glasi na glasi walitafuna mkate mkavu na kunywa maji ili ulimi usahau. Hawakutema. Uchungu wa bia hukaa nyuma ya koo, Pua aliwaeleza watazamaji, na anayetema ni kama anayeondoka hadithi ikiwa katikati. Aliwachekesha hivyo mpaka zikaja bia nyeusi, na mbele yake ikawekwa namba kumi na moja. Safu ya tatu, Mama Mapacha aliushika mkono wa wifi yake akaukaza.

Pua aliinua glasi kwenye taa. Akanusa. Akanusa tena. Akapiga funda, na uso wake ukawa na kitu ambacho mkewe hakuwahi kukiona kule jikoni. Alikuwa anasikiliza kwa ulimi.

"Siagi," akasema. "Nasikia harufu ya siagi, kama bisi za sinema. Bia hii imeamshwa kabla haijamaliza usingizi. Ingeachwa siku chache tu, hamira ingeisafisha siagi hii yenyewe. Lakini mpishi alikuwa na haraka. Sijui alikuwa anamkimbia nani." Ukumbi ukaangua kicheko. "Nne."

"Nitamfinya," wifi akasema. "Haki ya nani tena, leo nitamfinya."

Masikio ya Mama Mapacha yalipata moto. Nne! Hata ile ya ndimu ilipata saba! Aliona aibu, akapandwa na hasira, halafu akashangaa kuona kwamba ndani kabisa alikuwa anafurahi. Mtu ameionja bia yake kweli. Ameionja mpaka akaziona zile siku ilizonyimwa, na kasoro tu kumwona mwenyewe ameshika mrija.

Pua hakuiweka glasi chini. Alionja mara ya pili, jambo ambalo majaji hawalifanyi kwa bia waliyoipa nne.

"Lakini ngojeni. Chini ya siagi kuna kahawa, kuna sukari iliyoungua kidogo, na uchungu umekaa palepale unapotakiwa. Huyu mkono anao. Asichokuwa nacho ni subira. Siku atakayojifunza kusubiri, mimi mwenyewe nitapanga foleni mlangoni kwake." Akamgeukia mwandishi wa alama. "Ila nne inabaki nne."

Jioni alirudi nyumbani akiwa na furaha zake, akavua viatu mlangoni. Mapacha walikuwa wamechukuliwa na shangazi yao, aliyeona afadhali akae mbali asije akafinya mtu. Pua akaanza kusimulia habari za bia moja ya siagi, huku mkewe akimsikiliza kwa utulivu mkubwa. Kisha akamletea glasi. Bia ilikuwa nyeusi, povu limesimama.

"Mpya hii?" Akaiinua kwenye dirisha. Akanusa, na mkono ukaganda hewani.

"Onja."

Akaonja. Mama Mapacha alimwona akimeza, akamwona anatafuta pa kujificha. Mahali penyewe palikuwa palepale pa siku zote, na wote wawili walipajua kwa namba yake: saba.

"Namba, Baba Mapacha."

"Mke wangu, mimi sikujua..."

"Sijakuuliza ulijua nini. Nimekuuliza namba."

Akisema saba, Mama Mapacha aliwaza, chumba nakiacha, na bia yangu haionji tena mpaka tunazeeka.

Pua akalifuta povu ukingoni mwa glasi kwa kidole.

"Nikisema nyingi utadhani ni mapenzi," akasema taratibu. "Nikisema chache utadhani mapenzi yamekwisha. Nikaona saba haimuumizi mtu."

"Imeniumiza mimi. Miaka yote hii."

Akanywa tena, na safari hii lilikuwa funda la jaji.

"Nne," akasema, na sauti ilimtetemeka kama siku aliyokuja kuposa.

"Na mkono?"

"Mkono unao. Haki ya Mungu, unao."

Mama Mapacha akavuta kiti akakaa. Alilia kidogo, kisha akacheka mpaka mumewe naye, ambaye hakujua kama ameshasamehewa, akaanza kucheka kwa tahadhari.

"Leo ndiyo umekunywa bia yangu," akamwambia.

Jumatatu alichukua ufunguo wa chumba. Bia nyeusi ya pili ililala pale kwenye vigae, haijafunikwa mahameli wala haifichwi mtu, na Pua akawa anapita kila jioni na glasi yake mfukoni mwa koti.

"Bado tu?"

"Bado."

"Lakini nasikia harufu. Imeiva hii."

"Si ulisema utapanga foleni? Panga."

Pua akageuka kulia na kushoto. "Foleni yenyewe mbona ni mimi peke yangu?"

"Basi umewahi," akasema mkewe, akaendelea kusugua sufuria.

Pua akavuta stuli, akaiweka mlangoni, akakaa.